Unampeleka mtoto Mombasa? Kuna wawili ambao hawatakuambia wamechoka

Kwenye kila safari ya Mombasa inayopangwa na vijana wa Nairobi kuna watu wawili ambao huwa hawaulizwi kitu. Wa kwanza ni mtoto, manake ana miaka miwili na nusu na ukimuuliza anataka nini atakuambia ndizi. Wa pili ni yule rafiki yenu wa Kisauni au Mtwapa ambaye mtalala kwake. Huyo ukimuuliza kama kuna nafasi atakujibu karibuni, hapa ni kwenu, na hata kama mfereji umekauka tangu Jumatatu hutamsikia akitaja.

Wewe nakujua. Una miaka ishirini na kitu, una mtoi, labda una mwenzako na labda unajipanga peke yako. Agosti au Desemba ikifika simu inajaa picha za watu wamekaa chini ya minazi. Hoteli za ufuoni huziwezi, kwa hivyo unampigia rafiki. Hakuna aibu hapo. Likizo ya Wakenya wengi tangu zamani ni kwenda kwa watu. Lakini hiyo likizo tunayoiita ya bei nafuu inalipwa na mtu, na mara nyingi wanaolipa ni hao wawili ambao hawasemi. Ukiipanga safari kwa kuwaangalia wao kwanza, utashangaa vile na wewe utapumzika.

Tuanze na njia. Madaraka Express ilipoanza 2017, tiketi ya daraja la kawaida ilikuwa Sh700. Tangu Januari 2024 ni Sh1,500, na daraja la kwanza ni Sh4,500. Mtoto wa chini ya miaka 3 husafiri bure, wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Hapo kwa "bure" ndipo watu hupiga vigelegele, lakini bure maana yake ni kwamba mtoto hana kiti. Piga hesabu: saa tano au sita hivi za mtoto juu ya mapaja yako, kwenye kiti ambacho hakilali nyuma, meza mbele yako na mbele ya meza watu usiowajua wakikutazama. Mkiwa wazazi wawili mtapokezana. Ukiwa peke yako na mtoto mzito, beba pesa kidogo ya kununua chai na mandazi kwenye behewa la chakula, si kwa sababu ya njaa, ni kupata kisingizio cha kutembea naye.

Treni gani? Hapa ndipo yule mtu wa pili anaingia. Treni ya usiku inaonekana ya akili, mtoto atalala njia nzima. Sawa, lakini inafika Miritini kabla ya alfajiri. Nani atakuwa macho akisubiri simu yako? Nani atakufungulia geti saa kumi za usiku halafu aende kazini saa moja? Ya asubuhi huondoka saa mbili na kusimama vituo vya njiani kama Mtito Andei na Voi, kwa hivyo inachelewa kidogo, lakini mnafika mchana, mtu akiwa ameamka na chakula kikiwa kwa jiko. Tena mnapita Tsavo kukiwa na mwanga. Reli inakata katikati ya mbuga hiyo iliyotengwa mwaka 1948, na mkibahatika mtaona tembo wa rangi nyekundu. Hawakuzaliwa hivyo, ni ule udongo wa huko wanaojimwagia mwilini. Usimuahidi mtoto tembo lakini. Mtoto wa miaka mitatu hasahau ahadi, na kutoka Mtito hadi Mariakani utaulizwa tembo ameenda wapi.

Jambo dogo: tiketi hununuliwa kwa simu kupitia *639# au mtandaoni, na za Desemba huisha wiki kadhaa kabla. Pale Syokimau mizigo hupangwa chini na kunuswa na mbwa, kisha mnapita kwa mashine. Fika saa moja mapema, na kama mtoto anaogopa mbwa mwelezee nyumbani kabla hamjatoka.

Sasa mmefika. Siku ya kwanza msifanye chochote. Najua umelipa nauli na unataka kuona bahari hiyo jioni, lakini Nairobi iko juu karibu mita 1,800 na Mombasa iko usawa wa bahari. Hewa ni nzito, jasho halikauki, na ngozi ya mtoto ndiyo ya kwanza kulalamika. Wapwani huita vile vipele vya joto harara. Mvulie nguo nzito, mwogeshe maji baridi kiasi, mpe vitu vya kunywa kila mara, na umwache alale mchana. Kama ana chini ya miezi sita anayenyonya tu, endelea kumnyonyesha, mara nyingi zaidi kuliko kawaida. Hahitaji dafu, hata kama nyanya wa jirani ataleta kwa mapenzi. Mshukuru, unywe wewe.

Kanuni yangu kwa siku zinazofuata ni jambo moja kwa siku, na liishe kabla ya saa nne au saa tano asubuhi. Halafu kivuli, chakula, usingizi. Jioni mnatoka tena kidogo. Watu hunibishia hapo, wananiambia wamekuja siku nne na wanataka Fort Jesus, Pirates, Haller Park, Diani na Mama Ngina. Mtu mzima anaweza. Mtoto ukimzungusha hivyo, siku ya pili jioni atalia kwa kitu kidogo kama kijiko cha rangi isiyofaa, na nyumba yote ya wenyewe itamsikia.

Bahari sasa. Mtu wa bara hufikiri bahari iko tu pale kama bwawa la kuogelea. Haiko hivyo. Maji hujaa mara mbili kwa siku na kupwa mara mbili, na saa zake husogea mbele karibu dakika 50 kila siku. Kwa hivyo saa uliyoona maji yako mbali leo, wiki ijayo yatakuwa yamefika ukutani. Wakati wa bamvua, karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti kati ya kujaa na kupwa ni zaidi ya mita tatu. Hiyo ni nyumba ya ghorofa moja. Muulize mwenyeji wako au mvuvi yeyote maji yanapwa saa ngapi na mpange asubuhi hiyo. Maji yakipwa yanaacha vidimbwi vya kina cha kifundo cha mguu, vyenye joto, vina visamaki na kaa. Kwa mtoto mdogo hiyo ndiyo bahari kamili. Hahitaji mawimbi. Mvalishe viatu tu, kwa sababu kwenye mawe kuna wale viumbe weusi wenye miiba mirefu, na mwiba wake ukiingia mguuni siku imeisha.

Pale ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao kila mtu anauita Pirates, utapata ngamia, wapiga picha, wauza mihogo na mipira ya kuelea ya kukodi. Raha tupu. Lakini huo mpira ndio unaonitia wasiwasi. Upepo ukivuma kutoka nchi kavu unausukuma ndani taratibu, na mzazi yuko kwa simu akichagua picha. Shirika la Afya Duniani linasema watoto wa mwaka mmoja hadi minne ndio wanaokufa maji kwa kiwango cha juu zaidi duniani. Na mtoto anayezama hapigi kelele kama kwenye filamu. Hana pumzi ya kupigia kelele. Anaenda kimya, kwenye maji ya magoti yako, watu wakiwa wamejaa kila upande. Sasa kama mko wazazi wawili au mko kundi la marafiki, tajeni kwa jina nani anamwangalia mtoto kwa nusu saa hii. Huyo hashiki simu, hanywi, na anakaa mahali ambapo akinyoosha mkono anamgusa. Ikiwa kila mtu anamwangalia, aki ya nani hakuna anayemwangalia.

Tukitoka majini twende kwa wanyama, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu napapenda. Haller Park iko Bamburi, ukishuka matatu ya Mtwapa umefika. Miaka hamsini na kitu iliyopita hapo palikuwa shimo. Kiwanda cha saruji kilikuwa kinachimba mawe ya matumbawe kutoka miaka ya 1950, na kilipomaliza kikaacha jangwa jeupe lenye chumvi lisiloota hata nyasi. Mwaka 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, akaanza kujaribu miti humo. Mingi ikafa. Mvinje ukashika. Shida ikawa majani yake, yale kama sindano, yalianguka na kukaa tu bila kuoza, na bila kuoza hakuna udongo. Waliookoa kazi ni majongoo. Wakaletwa, wakala yale majani, wakanya, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Msitu mnaotembea ndani yake leo umesimama juu ya hicho.

Mwambie mtoto hiyo hadithi kwa maneno yake: hapa palikuwa na mawe, jongoo akala majani, akapupu, miti ikaota. Atacheka siku mbili. Halafu mwache amtafute jongoo. Nimeona watoto wakipita mbele ya twiga bila habari, wakachuchumaa dakika kumi kumtazama jongoo akivuka njia. Usimvute. Twiga atakuwa hapo mkirudi, na wakati wa kuwalisha ukifika mtoto atanyoosha kiganja mwenyewe au atajificha nyuma ya mguu wako, yote ni sawa.

Hapo ndipo pia palitokea kisa cha Owen na Mzee, na kama ulizaliwa miaka ya mwisho ya tisini lazima ulikisikia shuleni. Desemba 2004, siku ya tsunami, kiboko mdogo alitenganishwa na wenzake karibu na Malindi, mahali mto Sabaki unaingia baharini. Kesho yake watu wa Malindi wakamwokoa kwenye miamba, kazi ngumu ya nyavu na kamba, akapelekwa Haller Park. Akakimbilia kobe mkubwa dume, mzee wa miaka ipatayo 130, akajibanza nyuma yake kana kwamba ni mama yake. Kobe mwanzoni hakutaka mchezo huo. Baadaye wakala pamoja, wakalala pamoja, wakaogelea pamoja. Owen alipokua akahamishiwa kwa kiboko mwenzake wa kike, Cleo. Kiboko wa kilo mia kadhaa anaweza kumvunja rafiki yake bila kukusudia, hata kama rafiki ana gamba.

Kuna tumbili wengi pia, na hao hawana urafiki na mtu. Biskuti ya mtoto iwe ndani ya mkoba.

Kivutio kingine ambacho hakuna anayekitaja ni feri ya Likoni. Ukiwa kwa miguu hulipi kitu. Mtoto anaona meli kubwa zikiingia bandarini, anasikia honi, anaona maji chini yake, na dakika kama kumi mko ng'ambo. Mnakunywa madafu, mnarudi. Epukeni asubuhi na jioni watu wakienda na kutoka kazini, na kwenye ule mteremko mbebe mtoto, asitembee, kwa sababu umati ukianza kusonga hakuna wa kuangalia chini. Jioni nyingine nendeni Mama Ngina, mkae kwenye ukuta na mihogo ya kukaanga iliyotiwa ndimu na pilipili, ya mtoto bila pilipili. Fort Jesus? Ni nzuri sana kwako. Kwa mtoto wa miaka miwili ni ngazi na jua.

Sasa tumfikie mwenyeji, na hapa nitasema wazi kwa sababu yeye hawezi.

Mombasa maji ni pesa. Mitaa mingi mfereji hutoa maji siku chache kwa wiki, na yale ya kisima yana chumvi. Ya kunywa na kupikia hununuliwa kwa mtungi, huja kwa mkokoteni. Mtoto wako anatoka baharini na mchanga hadi masikioni, anaogeshwa, jioni tena, usiku joto likizidi tena. Ongeza nguo zake. Hiyo mitungi mtu aliipandisha hadi ghorofa ya tatu. Kila asubuhi, kabla hujaulizwa, muite yule kijana wa mkokoteni na ulipe wewe. Usimpe mwenyeji pesa mkononi, atakataa, mtavutana mlangoni na wewe utarudisha pesa mfukoni ukijiambia umejaribu. Stima vivyo hivyo. Feni inazunguka usiku kucha kwa ajili ya mtoto wako. Angalia namba ya mita pale ukutani, nunua tokeni kwa simu yako, zile tarakimu ziingize mwenyewe. Imeisha.

Halafu kazi. Wengi wa marafiki zetu wa Pwani wako kwa hoteli, kwa mikahawa, kwa tuktuk, kwa biashara za wageni. Likizo yako ndiyo msimu wake wa jasho. Desemba wewe unalala hadi saa tatu na yeye ameingia zamu ya alfajiri. Usimwombe awatembeze. Usimwachie mtoto jioni ili wewe na mwenzako muende kucheza Mtwapa, isipokuwa yeye mwenyewe amesema, tena amesema mara mbili. Na usimfanye mpishi. Siku mbili za kwanza kula ulichopikiwa, siku ya tatu ingia sokoni Kongowea, rudi na samaki, upike. Wahenga walishaiweka hiyo: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukilichukua jembe mwenyewe kabla ya kupewa, utaalikwa tena.

Kutoka bara beba kitu. Si keki ya duka. Maparachichi mazuri ya Murang'a, viazi, majani chai, vitu ambavyo kwenu ni kawaida na huko vinauzwa ghali au si vizuri hivyo. Nyumba ya Waislamu, viatu vinabaki mlangoni, pombe haiingii, na kutoka ufuoni unajifunga leso kabla ya kufika mtaani. Mtoto mfundishe shikamoo mapema, mkiwa bado kwenye treni. "Niaje" kwa bibi wa miaka sabini Mji wa Kale haitafsiriki vizuri. Na adhana ya alfajiri itamwamsha mtoto usiku wa kwanza. Usiku wa tatu hataisikia.

Jambo la mwisho la afya, na hili naomba usilipite. Pwani kuna malaria. Si kwa kiwango cha kanda ya ziwa, lakini ipo, na mtoto aliyezaliwa na kulelewa Nairobi mwili wake haujaizoea. Kabla ya safari uliza kliniki kama anahitaji dawa ya kinga. Uliza mwenyeji kama kuna neti ya ziada, kama hakuna beba yenu. Jioni mikono mirefu na suruali nyepesi. Sasa sikiliza: mbu akimuuma mtoto siku yenu ya pili Mombasa, homa haitokei huko. Huchukua angalau wiki moja hivi, wakati mwingine wiki kadhaa. Itatokea mkiwa mmerudi Umoja au Rongai, mtoto ameanza kutapika na joto limepanda, na wewe utasema ni mafua ya baridi au meno. Daktari wa Nairobi naye anaweza asiwaze malaria usipomwambia. Kwa hivyo andika tarehe mliyoondoka Pwani ndani ya kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Kwa miezi mitatu baada ya hapo, homa yoyote, hospitali siku hiyo hiyo, na sentensi ya kwanza mlangoni iwe kwamba mlikuwa Mombasa. Apimwe damu.

Mkishatulia, zamu ni yenu. Yule rafiki ana mtoto pia, au ana mpwa, na Nairobi ina mambo. Giraffe Centre pale Lang'ata, twiga anakula kutoka mkononi. Mayatima wa tembo kwa Sheldrick hufungua kwa wageni saa tano hadi saa sita mchana, na lazima muweke nafasi mapema. Safari Walk ya KWS ina kivuli, na mtoto anaweza kutembea mwenyewe. Mpigie sasa, si Desemba akiwa kazini. Mwambie aje Mei, hoteli zikiwa hazina wageni na yeye ana likizo. Pisha kitanda, wewe ulale kwa sofa. Na utafute sweta mbili za mtoto Gikomba kabla hawajafika, kwa sababu baridi ya Nairobi hiyo miezi huwashangaza sana, na mama wa Kisauni hatakuambia kwamba mwanawe anatetemeka.